Macho Mapya na Maziwa ya Pakiti

Mwaka ule Mungu aliponirudishia macho, karibu nimpoteze mke wa mtoto wangu kwa sababu ya macho hayo hayo. Naandika habari hii kwa mkono wangu mwenyewe, katika daftari ambalo mjukuu wangu aliliacha likiwa na kurasa nyingi safi. Shuleni nilifika darasa la tatu, kwa hivyo msomaji avumilie. Majina ya wote waliokuwamo nayakumbuka, wao na baba zao, hata jina la ng'ombe aliyekuwa akikamuliwa wakati huo. Lakini mke wa mtoto wangu amenikataza kuyaandika. Amesema Kimumu, hapa tunapokaa, ni ndogo. Basi nitasema pasta, na mwenye duka, na mama mwenyekiti, na wenyewe wakisoma watajijua.

Macho yangu hayakuzimika siku moja. Yaliingia ukungu, kama dirisha la jikoni maji yakichemka, halafu ukungu ukakataa kutoka. Miaka miwili nilikaa hivyo. Mtoto wangu ni dereva wa lori la Msomali mmoja wa mjini, na nyumbani analala siku mbili kwa wiki, kwa hivyo aliyenitunza ni mke wake. Huyu mke si wa kwetu. Ni Mluhya, wa upande wa Kakamega. Jumapili alinishika mkono kutoka mlangoni hadi kanisani, akiniambia, "Jiwe, Mama. Shimo, Mama. Hapa kuna mbwa lakini amelala." Sikuanguka hata mara moja.

Sasa, alipoolewa, wamama wenzangu waliniuliza swali moja tu: nani atakutengenezea mursik? Kwetu sisi Wakalenjin mursik, maziwa yetu ya mgando, si maziwa ya kumwaga tu kwenye kikombe. Unachemsha maziwa, unayaacha yapoe, unayatia katika kibuyu ambacho umekisugua ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, halafu unakiziba na unangoja siku nyingi bila kuchungulia. Mgeni akija bila mursik, ni kama hakukaribishwa. Na msichana wa Kakamega ungemwambia habari ya kuku angekushinda, lakini kibuyu alikiona mara ya kwanza kwangu.

Macho yalipoanza kuharibika niliugua pia, nikakataa chakula. Siku moja akaniletea kikombe. Nikaonja. Ilikuwa laini, ina harufu ya moshi kidogo, haikuwa kali. Nikamwambia, "Sasa umejua." Tangu siku hiyo nilikunywa asubuhi na jioni, na sikunyamaza. Kila mara ushuhuda ukiitishwa kanisani nilisimama nikashika kiti cha mbele yangu, nikasema huyu binti wa Magharibi amewashinda mabinti zetu wote kwa mursik. Wamama walijibu "Amina" kwa sauti ya chini sana. Nilijua ni wivu.

Ndipo tukaenda hospitali ya misheni kule Plateau kwa opareshoni. Nilipolala pale jicho limefungwa, nilimwambia Mungu: ukinipa kuona, nitaishi maisha ambayo hutaona aibu kuyaangalia. Walipofungua bandeji, cha kwanza nilichoona ni vifungo vya sare ya nasi, muuguzi wa pale, kimoja si cha rangi ya wenzake. Cha pili nilichoona ni mke wa mtoto wangu. Kwa ile mikono yake yenye nguvu nilikuwa nimekwisha kumfikiria mnene. Kumbe amekonda, shingo kama ya korongo. Akalia, nikalia, nasi akatukemea kwamba jicho halitaki maji.

Pasta alikuja kuniona nyumbani. Nikamuuliza nimlipe Mungu nini. Akasema, "Mama, Mungu halipwi. Wewe ishi tu kama mtu aliyepewa." Neno zuri, na mimi nikalishika kwa upande usiofaa. Nilisikia "ishi vizuri" nikaona kwanza boma liwe safi. Kesho yake nilianza na utando wa buibui juu ya kabati.

Sufuria zilikuwa nyeusi chini. Nikasema. Pazia lilikuwa limepauka katikati. Nikasema. Shati la mjukuu lilikuwa limefungwa vifungo kombo, na kibandani kulikuwa na matundu mawili ambayo kuku walitokea kwenda kwa jirani. Yote nilisema, na kila nikisema nilimshukuru Mungu kwa kuniwezesha kuona. Siku ya nne mke wa mtoto wangu alikuwa anaosha vyombo, mimi nimesimama nyuma yake. Akaniuliza bila kugeuka, "Mama, haya macho ulipewa na Mungu ama na afisa wa afya?"

"Mungu," nikasema. "Kikombe hicho bado kina chai pembeni."

Kanisani nako sikulala. Nilimwambia pasta kola yake imeisha upande wa kushoto. Alinishukuru. Mke wake hakunishukuru. Mama mwenyekiti, yule anayeongoza wamama wa kanisa, pindo la rinda lake lilikuwa limefumuka, nikamwambia kutoka kiti cha tatu ili asije akatembea hivyo. Halafu nikatangaza mbele ya wote kwamba Ijumaa ya wiki ijayo waje kwangu kwa maombi ya shukrani, na watakunywa mursik ya mke wa mtoto wangu.

Mama mwenyekiti akasema, "Mama, chai itatosha."

"Chai mtakunywa kwenu," nikamwambia.

"Si lazima umsumbue."

"Hasumbuki. Yeye ni fundi."

Nikaona wamama wawili wanaangalia sakafu. Nikajisemea, hata baada ya macho, wivu bado upo.

Jumatano ya wiki ile, siku tisa kabla ya maombi, nilikwenda dukani peke yangu. Nataka uelewe furaha ya jambo hilo, mwanamke wa miaka yangu kwenda kununua chumvi bila kushikwa. Mwenye duka ni Msomali pia, si yule wa lori, mtu mpole, yuko hapo tangu Kimumu ni mahindi tupu. Aliponiona akaacha kupima sukari.

"Mama, umekuja na macho yako. Alhamdulillahi."

"Mungu ni mwema," nikasema. "Nipe chumvi."

Akaniwekea chumvi, halafu akageuka kwenye friji akatoa pakiti mbili za maziwa lala, yale ya mgando ya kiwandani, akaziweka juu ya kaunta, kwa roho safi kabisa.

"Hizi ni za nani?"

"Si ni zako, Mama. Za Jumatano. Zingine Jumamosi." Akaniangalia usoni. Akaanza kupanga biskuti ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Nilizibeba hadi nyumbani. Nilizitia kwenye kikombe, nikaonja. Ilikuwa ile ile, ila moshi hakuna. Mke wa mtoto wangu aliingia na karai la nguo, akaona pakiti mezani, akaliweka karai chini.

"Moshi ulikuwa unatoa wapi?" nikamuuliza.

"Kwa mkaa wa jiko, Mama. Nasaga kidogo, natia kwa kibuyu, nakoroga."

"Miaka miwili nimekunywa jiko."

Hakucheka. Akasema, "Nilijaribu mara mbili nikaharibu. Ya pili ilikuwa na vidudu. Na wewe ulikuwa huli. Siku tano hukuweka kitu mdomoni. Nikanunua pakiti, nikakupa, ukamaliza kikombe, ukasema nimejua. Sasa ningekuambia nini?"

Hapo ndipo ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini mimi niliwaza kanisa lote na ushuhuda wangu wa kila mara, nikasema, "Ulinidanganya kwa sababu nilikuwa kipofu."

Kisha akasema polepole, "Mama, mimi nimechoka. Ukiwa huoni nilikuwa mtu. Sasa unaona, mimi ni sufuria chafu." Akachukua simu akampigia mume wake, mbele yangu, sauti yake ya kawaida kabisa. Dada yake anakaa Cheptiret, kuna chumba cha pili. Atahama na mtoto, mume atakuwa akija huko. Akakata simu akaniambia, "Nitakaa mpaka wageni wako wa Ijumaa waondoke, nisikuaibishe. Jumamosi yake lori linakuja."

Nilijifanya kwamba hainiumizi. Nilikwenda kumkatia ng'ombe majani. Pale kwenye majani, nikiona kila jani na ukingo wake, nilisikia tena lile neno la pasta, kama mtu aliyepewa. Nikaanza kuhesabu nilichopewa. Nilianza na macho. Halafu nikakumbuka jiwe, Mama, shimo, Mama, na nikagundua nilikuwa nimehesabu kutoka mwisho. Lakini kusema pole ni kitu ambacho sikufundishwa. Kwa kina mama wa rika langu mkwe ndiye anayeomba msamaha, hata ukimkanyaga wewe.

Basi nilikwenda nikakata matawi ya senetwet, nikarudi nayo hadi mlangoni.

"Njoo nikuonyeshe kibuyu," nikamwambia.

"Ya nini, Mama, na mimi naenda?"

"Hata Cheptiret wanakunywa."

Alinifuata, sijui ni kwa heshima au ni kwa kuchoka kubishana. Tukaosha kibuyu. Tukachoma tawi mpaka ncha ikawa kaa jekundu, nikamwambia aliingize ndani asugue ukuta wa kibuyu wote. Alilishika kama mtu anayeshika nyoka. Aliunguza kidole. Alisugua upande mmoja tu. Aliongeza mkaa mara mbili zaidi ya unaohitajika. Mimi nilikaa juu ya kigoda nikauma ulimi mara nne, na mara ya nne nilionja damu. Yeye akaniangalia.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana."

"Mbona husemi kitu?"

"Natazama tu."

"Hapo ndipo nakuogopa zaidi," akasema, na nikaona pembe ya mdomo wake inacheza kidogo, halafu ikaacha.

Tukatia maziwa yaliyochemshwa na kupoa, tukaziba. Siku zilizofuata alifunga vitu vyake. Nyumba ilianza kuonyesha kuta. Beseni ndani ya beseni, sufuria ndani ya sufuria, nguo za mtoto katika gunia la mbolea. Sufuria alikuwa amezisugua chini mpaka zikang'aa, na kung'aa kwake kulinichoma kuliko weusi.

Ijumaa asubuhi tulifungua kibuyu. Sikuhitaji macho, pua ilitosha. Nikaonja kwa kijiko. Ilikuwa kali mpaka masikio yalisogea, na mkaa ulibaki menoni kama mchanga. Wakati huo huo nikasikia wamama wanaimba kule barabarani, wanakuja, pasta mbele yao.

Mke wa mtoto wangu alisimama karibu nami akanong'ona, "Mama, kuna pakiti sita chini ya kitanda. Nilinunua jana. Tukitia mkaa kidogo hawatajua."

Sijawahi kujaribiwa na dhahabu, lakini najua shetani alifika Kimumu siku ile na pakiti sita za nusu lita. Nikimimina, huyu binti anabaki fundi mbele ya kanisa, na anaondoka kesho bila aibu. Lakini mimi nitasimama kumshukuru Mungu kwa macho, huku nikiwafunga wengine yao. Na nikisema ukweli, aibu inamwangukia yeye, siku yake ya mwisho nyumbani kwangu. Wimbo ulifika langoni. Nikamwambia, "Mimina hii yetu."

"Hii?"

"Hii. Lawama ni yangu."

Tukawapa. Wamama kumi na mmoja na pasta, kila mtu na kikombe. Ukimya ulioingia ni ule wa mazishi ya mtu mkubwa. Pasta alikunywa mara moja akafumba macho, nadhani aliomba. Mama mmoja alikohoa hadi jirani yake akampiga mgongo. Mama mwenyekiti alimeza, akatabasamu kwa adabu, na jino lake la mbele lilikuwa jeusi kwa mkaa. Nililiona. Sikusema.

Nikasimama. Nilikuwa nimepanga ushuhuda mrefu wa Plateau na bandeji na vifungo vya nasi, lakini ulipotea wote. Nikasema, "Mursik hii ni mbaya. Mimi ndiye niliyemfundisha kwa siku moja kitu ambacho mama yangu alinifundisha kwa miaka. Na ile niliyokuwa nikiisifu kanisani, mimi sikujua ilikuwa nini. Nilikuwa nakunywa tu, na nikapona."

Nilidhani hapo nimemficha. Lakini yeye alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi, akasema wazi, "Ilikuwa ya pakiti. Ya dukani."

Hakuna aliyeshtuka. Hilo ndilo lililonishangaza. Mama mwenyekiti aliweka kikombe chake chini polepole, kama mtu aliyepewa ruhusa.

"Mama," akasema, "hiyo tulijua."

"Mlijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Mimi nilisimama nyuma yake dukani."

"Na mbuzi wangu alikula karatasi za hizo pakiti," akasema mwingine.

"Hata mimi, Mama," akasema pasta, na akaangalia dari.

Miaka miwili nimesimama mbele ya kanisa nikisifu friji ya Msomali, na kanisa zima limeniitikia Amina. Nikakaa. "Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungefanya nini?" mama mwenyekiti akasema. "Ulikuwa unakula. Na huyu alikuwa anakuleta kila Jumapili amekushika mkono, mvua, matope. Sisi mabinti zetu wanatutumia salamu kwa simu. Ile Amina tulikuwa tunampa yeye. Maziwa ni maziwa." Halafu, kwa sababu ni mtu na si malaika, akaongeza, "Na ile habari ya pindo langu, Mama, ungeninong'oneza. Ulisema mpaka kwaya wakaacha kuimba."

Wakacheka. Walicheka wote, na yule wa kukohoa akaanza kukohoa tena, na pasta akacheka kwa mkono mdomoni. Mimi nilichelewa, halafu nikacheka pia, kwa sababu kama hucheki siku kama hiyo utacheka lini.

Kicheko kilipopungua niligeuka mlangoni. Sikusimama, nisije nikasahau tena. Nikamwambia mke wa mtoto wangu, mbele yao wote, "Nilisema ulinidanganya kwa sababu nilikuwa kipofu. Neno hilo nalirudisha. Ulinilisha kwa sababu nilikuwa kipofu. Nisamehe."

Wenye rika langu walinikodolea macho, kwa sababu hawajasikia mama mkwe akisema hivyo na labda hawakutaka wakwe zao wasikie.

Yeye aliangalia birika. Machozi yalimtoka. Akasema, "Chai iko tayari."

"Chai baadaye," akasema mama mwenyekiti. "Hizo pakiti zimeisha?"

Hazikuwa zimeisha. Alizitoa chini ya kitanda zote sita, na wamama wa kanisa wakazinywa waziwazi, bila mkaa, wakisema ni nzuri, na mmoja akauliza ni duka gani kana kwamba hajui. Pasta akaomba. Aliomba kwa ufupi, na alimshukuru Mungu kwa macho na kwa mikono, na hakusema ni ya nani.

Walipoondoka ilikuwa bado alasiri. Nilikaa nje kwenye jua. Macho yangu ni ya juzi, lakini masikio yangu hayajawahi kupumzika, na nilimsikia ndani akiongea kwenye simu.

"Usilete lori kesho," alisema. "... Hapana. Si kwamba tumepatana kabisa ... Nimechoka tu kufunga vitu ... Eh, anasikia. Yuko nje anajifanya analala."

Nikafumba macho, kwa heshima yake. Kisha nikasikia kitu kinaburutwa. Nikaingia. Alikuwa anarudisha godoro la mtoto chumbani peke yake, limemkunja mgongo. Nikashika upande wa pili.

"Mama, weka chini. Utaumia mgongo, halafu wamama waseme ni mimi."

"Wao hawasemi kitu," nikamwambia. "Ndio wamenionyesha jinsi ya kunyamaza."

"Weka chini, Mama."

Nikaweka chini. Akaliburuta mwenyewe, na aliposimama kupumua aliniambia nikae kwenye kigoda nimshikie mlango.